Mama kapewa 55 kwa 100 baada ya kiharusi, sasa ndo nini hii?

"Habari dokta. Mama yangu ana miaka 61, tuko Tanga. Huu mwezi wa pili tangu apate kiharusi, upande wa kushoto ndo umelegea, kuongea anaongea vizuri tu. Kabla ya hapo alikuwa anauza vitumbua asubuhi. Juzi tumempeleka kliniki akaja dada mmoja wa tiba kwa vitendo, badala ya kumfanyisha mazoezi akamwambia avae gauni, achane nywele, afu wakaenda kwenye kajiko kao wakapika chai! Mama gauni akavaa mkono mmoja tu, mwingine ukabaki nje, na kwenye chai akasema hakuna sukari wakati ilikuwa hapohapo pembeni yake. Mwisho tukaandikiwa 55/100. Niliumia, mtu mzima kupewa mtihani wa kuchana nywele kama mtoto wa chekechea. Kaka yangu anasema hiyo 55 maana yake akili imebaki nusu. Nyumbani anakula ugali nusu sahani anasema umeisha, anagonga milango na bega, mkono wake mwenyewe anaukalia. Shangazi anasema anadeka. Tumemuwekea binti anamfanyia kila kitu, kumlisha mpaka kumvalisha. Tunakosea? Na vitumbua vyake atarudi? Kingine naona aibu hata kuandika, siku hizi hataki kula na sisi sinia moja, na chooni anajizuia sana."

Mdogo wangu pole, na mpe mama pole zangu. Kwanza mimi sio dokta, ni mtoa tiba kwa vitendo kama huyo dada aliyekuudhi, wengine wanatuita OT, kazi yetu ni kumsaidia mgonjwa arudi kwenye shughuli zake za kila siku, kwa hiyo usishangae nikimtetea kidogo. Lakini ulichokisikia wewe pale sio cha ajabu, nimekisikia kwa familia nyingi sana, na kosa mara nyingi ni letu sisi, tunampa mtu kitana bila kumweleza kwa nini, mtoto wake amesimama pale mlangoni anaangalia mama anahangaika, unategemea asiumie? Alitakiwa awaambie mapema.

Tuanze na hiyo 55 maana ndo imeleta maneno nyumbani. Kwa maelezo yako hicho ni kipimo cha Barthel, kilichapishwa Marekani mwaka 1965 na mpaka leo ndo kinatumika sana kwa wagonjwa wa kiharusi karibu kila mahali. Kina vipengele 10: kula, kuoga, kujiweka safi (uso, meno, nywele), kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Maksi zinaenda kwa tano tano na hazilingani, kuoga ina 5 tu ila kutembea ina 15 na kuhama kwenda kwenye kiti nayo 15. Sasa mtu kama mama yako, anayebana haja zake mwenyewe (20 hizo tayari), anatembea akishikwa na mtu mmoja (10), anahama kitandani kwa kusaidiwa kidogo (10), anakula kwa kusaidiwa (5), anavaa nusu (5), chooni anasaidiwa (5), halafu kuoga, kujiweka safi na ngazi bado, ukijumlisha unapata 55 yako. Sina karatasi yenu mkononi, yenu inaweza kuwa imejumlishwa tofauti, na hilo lenyewe ni la kujua, watu wawili wanaweza kuwa na 55 na mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Muombe dada awape mchanganuo wa kila kipengele, huo ndo wa maana kuliko jumla.

Umeona kuna swali la akili hapo? Hakuna hata moja. Kwa hiyo mwambie kaka, kwa heshima zote, hiyo sio asilimia ya akili wala ya ubongo uliobaki. Ni makisio ya msaada kiasi gani mama anahitaji kwa mambo ya kila siku, siku ile aliyopimwa. Akipimwa tena baada ya wiki kadhaa namba inaweza kuwa nyingine na sisi tunachokitaka ni hiyo tofauti, imepanda wapi na imegoma wapi.

Ila sasa sikia, hicho kipimo kina udhaifu wake na nadhani ndo maana mwenzangu hakuishia kwenye karatasi. Mtu anaweza kupata 100 kamili ya Barthel na bado akaunguza nyumba, kwa sababu humo ndani hamna jiko, hamna kuhesabu chenji, hamna kumeza dawa za presha kwa wakati wala kuvuka barabara. Ndo unakuja mtihani wa chai. Chai haina maajabu, ila ni kazi yenye hatua nyingi kwa muda mfupi: uchukue sufuria, uweke maji kiasi, uwashe, ukumbuke majani, usubiri, uepue bila kujimwagia, uzime. Wakati mgonjwa anapika sisi hatuangalii utamu wa chai. Tunaangalia kapekua rafu upande gani, kifuniko cha sukari kafunguaje kwa mkono mmoja, alipokwama aligundua mwenyewe kwamba amekwama au mpaka aambiwe, na akiambiwa mara moja anashika au anarudia kosa lilelile. Ile sukari, nina hakika kama niko pale, ilikuwa kushoto kwake. Mimi huwa nafanya hivi, mgonjwa akisema sukari hamna naihamisha kimya kimya kulia, akiiona papo hapo nimeshapata jibu kwamba anajua chai inataka sukari, kumbukumbu ipo, mpangilio upo, ila upande mmoja wa dunia haufiki kwake.

Na chai yenyewe sio ya kila mtu, hili nimejifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo kazini nilimpima mzee mmoja mvuvi, nikamwambia apike chai, akaweka majani kwenye maji ya baridi, sukari akasahau, jiko akalizunguka tu. Nikaandika ana shida kubwa ya kupanga hatua. Mkewe alipokuja akacheka mpaka akakaa chini, anasema mwanangu huyu tangu anioe hajawahi kuwasha jiko! Kesho yake nikamletea kipande cha nyavu kilichochanika na uzi, akashona kwa mkono mmoja akibana kwa goti, hatua zote kwa mpangilio wake, mimi ndo nilikuwa sielewi anachofanya. Kwa hiyo mkirudi kliniki mwambieni dada mama ni mtu wa vitumbua, ampime kwa kazi yake.

Sasa tuje kwa ugali nusu sahani, bega kwenye mlango na mkono anaoukalia. Shangazi anasema anadeka, hapana, na naomba hilo neno lifutwe kabisa hapo nyumbani maana mama analisikia. Kwa jinsi ulivyoeleza hii inafanana sana na hali ya kuusahau upande wa kushoto, tunaiona mno kwa watu waliopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo (ubongo wa kulia ndo unaendesha mwili wa kushoto, ndo maana). Iko hivi, kuona sio kazi ya macho peke yake, lazima kuwe na kitu kinachokwambia angalia kule kuna jambo. Sehemu ya kulia ya ubongo inafanya hiyo kazi kwa pande zote mbili, kama tochi yenye mwanga mpana, ile ya kushoto inamulika zaidi upande wa kulia tu. Ikiumia ya kushoto, ya kulia inashika zamu. Ikiumia ya kulia, upande wa kushoto unabaki giza, na mtu hajui kwamba pana giza, kwake sahani imeisha kweli. Ndo maana ukimwambia "mama si uangalie vizuri" anakasirika, aangalie nini wakati kwake hakuna kitu pale. Kuna wengine kinachoharibika ni uwanja wa kuona wenyewe, macho yanakosa nusu ya picha, hao mara nyingi wanashtuka kwamba wanakosa kitu wakajifunza kugeuza shingo, na kuna wenye yote mawili, kwa hiyo macho yapimwe pia msibahatishe.

Na mwili nao umo humohumo. Mkono anaukalia kwa sababu kwenye ramani yake ya mwili ule mkono haupo, kuna wagonjwa wanakwambia kabisa huu mkono ni wa nesi. Usicheke na usibishane, uguse, mwambie mama huu hapa wako, tuuweke juu ya meza. Gauni nalo lilibaki mkono mmoja nje kwa sababu hiyohiyo, pamoja na kwamba huenda alianza na mkono mzima. Kanuni ni ya kukariri: kuvaa anza na mkono mgonjwa, kuvua anza na mzima. Aketi kwenye kiti chenye egemeo, gauni alilaze mapajani, aingize wa kushoto kwanza mpaka begani, ndo afuate kichwa na wa kulia. Wiki ya kwanza mtatumia nusu saa na mtachelewa kila mahali.

Hapo nimegusa lile la binti. Mnakosea? Kwa nia hapana, kwa matokeo ndiyo kidogo. Kila anachofanyiwa mama ni mazoezi anayonyang'anywa, ubongo unajipanga upya kwa kurudia kazi yenyewe, na kasi kubwa ya kurudi huwa ni miezi hii ya mwanzo mliyopo sasa. Wanaosema miezi sita ikipita basi nao wanazidisha, naona watu wanaendelea kujifunza mambo baada ya mwaka, ila mwendo unapungua, sasa kwa nini hii miwili mitatu iende kwa kulishwa kijiko? Lakini sikwambii mfukuze binti, msimamo wa "mwache ahangaike atajua mwenyewe" ni mbaya zaidi, ataanguka. Kazi ya binti ibadilike. Akae upande wa kushoto wa mama, mikono mgongoni kama ikibidi, asubiri, mama akikwama amwambie neno, neno likishindikana amguse, kumgusa kukishindikana ndo amfanyie kile kipande tu kisha amrudishie. Asubuhi mama amechangamka ajivalishe mwenyewe, jioni amechoka mvalisheni hakuna dhambi.

Kwa sahani, chukueni utepe mwekundu au kipande cha khanga nyekundu mkiweke ukingo wa kushoto wa sinia au meza, na mumfundishe mama neno moja, "tafuta nyekundu", kabla hajasema kimeisha. Mwanzo mtamkumbusha kila mlo, baadae anajikumbusha. Kuzungusha sahani ni rahisi na sio vibaya siku mna haraka, ila hapo mmelisaidia tumbo, ubongo haujajifunza kitu. Sitakudanganya, ujanja huu unafanya kazi vizuri kwa kile mnachokizoeza, haimaanishi akishaweza sahani basi na mlango ameweza, mlango nao unataka utepe wake na mazoezi yake.

Tahadhari chache nipite nazo haraka. Msimnyanyue kwa kumvuta ule mkono wala kwa kumshika kwapani, bega lililolegea linachomoka kidogo kwenye nafasi yake na maumivu yake yanakaa miezi, akikaa mkono ulale juu ya mto au meza. Maji ya moto na mafuta ya kuchua, pimeni kwa mkono wenu au kwa mkono wake mzima, ule mgonjwa unaweza kuungua na asisikie. Na kuminya mpira, najua kila jirani atakuja na mpira, mimi sio shabiki, vidole vinavyotaka kujikunja vyenyewe havihitaji kufundishwa kujikunja, heri ashike kitambaa kwa mikono yote miwili afute meza.

Vitumbua sasa. Jibu la kweli, kwa sasa mafuta ya moto hapana, hata akikwambia naweza, na atakwambia maana hii hali inaficha upungufu wake kwa mwenyewe. Mtu asiyeona upande wa kushoto na mkono wa kushoto hausikii moto, ukimweka mbele ya jiko la mkaa na chuma cha mafuta unajua kitakachofuata. Lakini biashara ya vitumbua sio kukaanga tu. Kuchambua mchele kwenye ungo anaweza kuanza hata kesho, na ni zoezi zuri kuliko mengi ya kliniki, utaona anachambua nusu ya ungo ya kulia mchele wa kushoto umebaki na mawe yake, wekeni utepe mwekundu ukingoni na mkono wa kushoto ulazwe juu ya ungo kama uzito, hata kama haufanyi kitu. Kuloweka, kupima sukari na hiliki, kuhesabu hela za wateja mnazompa kwa makusudi zikiwa zimetawanyika mezani. Kukaanga tunaweza kukufikia baadae, akiwa amekaa kwenye kiti sio kigoda, jiko limeinuliwa, mtu yuko kushoto kwake, na huenda mwisho wa siku yeye anakoroga na kusimamia halafu mwingine ndo anamimina. Wapo waliorudi kazini kabisa na wapo walioishia kuwa mabosi wa jiko, mama atakuwa yupi siwezi kukwambia mwezi wa pili, na anayekuahidi sasa hivi muulize anauza dawa gani.

Nimekuja kwa lile uliloona aibu kuliandika, na nafurahi uliandika, maana kwenye hivyo vipimo vyetu vya Wazungu halimo na wengi wetu hatuulizi. Mama amefundishwa tangu mdogo kwamba mkono wa kushoto ni wa kutawazia na wa kulia ni wa kulia chakula. Sasa wa kushoto umelala, anatawaza kwa upi? Kwa wa kulia. Halafu mnamwambia njoo sinia moja na wajukuu. Hapo mdogo wangu mama anaona mkono wake hauna heshima tena, na labda anaona kutawazwa na binti wa watu ni kubaya zaidi, ndo anajizuia, anapunguza na maji ya kunywa asiende mara kwa mara. Sijaongea na mama kwa hiyo naweza kukosea, ila nimekutana nalo mara nyingi kiasi kwamba ningekuwa mimi ningeanzia hapo kabla ya mazoezi yoyote. Aongee nae mwanamke mtu mzima anayemheshimu, faragha, sio mbele ya kaka. Fungeni bomba lile la kubonyeza upande wa kulia wa choo kama hela ipo, kama haipo chupa ya plastiki yenye kitundu kwenye kifuniko inayobinywa inatosha, maji yanafanya kazi kubwa mkono unafanya ndogo. Choo cha kuchuchumaa fundi seremala atawatengenezea kiti chenye tundu katikati, na mhimili wa kushika ukutani upande wa kulia. Sabuni iwe hapohapo mkono wa kulia sio nje uani. Na mlo apewe kijiko na sahani yake lakini mkeka uleule, mseme wazi kwamba kijiko ni kwa sababu ya mkono, wala sio kwamba mnamtenga. Kama kinachomsumbua ni udhu, shekhe au ustadhi wenu atawaelekeza vizuri kuliko mimi, muulizeni msimwache anakisia. Kujizuia kwenyewe sio kitu cha kuvumilia, kunaleta choo kigumu na maambukizi ya mkojo, na mkojo ukiwa mchafu mgonjwa wa kiharusi anaweza kuchanganyikiwa ghafla mkadhani kiharusi kingine.

Na kiharusi kingine kikija kweli: uso umeenda upande, mkono mpya umeishiwa nguvu, maneno yamepotea ghafla, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kupambazuke wala msianze kumchua. Degedege pia. Rudini haraka kama anapaliwa au kukohoa kila akinywa maji, kama mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu, au bega na kiganja vimeanza kuvimba na hataki viguswe. Na kama wiki mbili zinapita analia, halali, hataki kuona mtu, mwambieni daktari, karibu mtu mmoja kati ya watatu anapata sonona baada ya kiharusi na inatibika. Dawa za presha msiache kwa sababu anaonekana yuko poa.

Kliniki rudini kwa huyohuyo dada, mwambie kabisa kwamba uliumia, atakuelewa. Akiwa hayupo hospitali kubwa kama KCMC na Muhimbili wana watu wetu, na KCMC pale Moshi ndo tunaposomeshwa wengi, ulizeni rufaa.

Kabla hamjaenda fanya kitu kimoja. Chukua kile chuma cha vitumbua chenye vishimo saba, kiweke mezani mbele yake, hamna moto hamna mafuta, mpe upawa na bakuli la maji mwambie mama mimina kama unavyomiminaga. Usimsaidie, usimuelekeze kushoto. Akisema tayari, hesabu vishimo vyenye maji afu niandikie ni vingapi na vipi.